Naomba ushauri: hundi tunazochapa ofisini zinakataliwa na mashine ya benki, ilhali kwa macho zinasomeka vizuri

BiMizania ameandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mhasibu katika taasisi ndogo ambayo bado inalipa wagavi wake wengi kwa hundi. Kwa miaka mingi tulitumia vitabu vya hundi kutoka benki, nami nilikuwa naandika kwa mkono jina la mlipwaji, kiasi kwa tarakimu na kiasi kwa maneno. Miezi miwili iliyopita uongozi uliamua kwamba tuchape hundi wenyewe kwenye karatasi tupu za usalama, kwa printa yetu ya leza ya rangi nyeusi, ili programu ya uhasibu ijaze kila kitu kwa mara moja, pamoja na ule mstari wa tarakimu ulio chini kabisa. Nilipata fonti ya bure mtandaoni, nikaipanga, tukachapa.

Hundi 46 za kwanza zilitoka safi, tarakimu nyeusi tii, wala sikuona dosari yoyote. Wiki moja baadaye benki ilitupigia simu kusema kwamba 17 kati yake zilikataliwa na mashine, na 3 kati ya hizo zilirudishwa kabisa. Mgavi mmoja aliyerudishiwa hundi alinipigia akiamini kwamba akaunti yetu haina fedha. Jambo hilo limeniuma, kwa maana fedha zilikuwepo na jina la taasisi limechafuka bila sababu.

Naomba kufahamishwa kosa liko wapi, na kwa nini nyingine 29 zilipita ikiwa zote zilitoka kwenye printa ileile siku ileile. Vilevile mkurugenzi wetu anataka picha ya sahihi yake iwekwe kwenye programu ili hundi itoke ikiwa imekamilika. Mimi moyo wangu haujatulia kuhusu hilo, lakini nakosa hoja za kumweleza.

FundiTona ameandika:

Bi Mizania, pole sana. Kazi yangu ni kutengeneza printa, na tatizo lako nimelikuta katika ofisi zaidi ya moja. Hujasema ulitumia tona gani, yaani ule unga wa wino wa printa ya leza, kwa hiyo nachukulia kwamba ni ileile mnayochapia barua. Kama ndivyo, kosa la kwanza ni hilo.

Mashine ya benki haisomi weusi wa tarakimu. Hundi inapoingia hupita kwanza mbele ya sumaku, ambayo huzitia usumaku chembe za oksidi ya chuma zilizomo kwenye wino, halafu hupita mbele ya kichwa cha kusomea, na pale kila tarakimu hutoa wimbi lake la umeme kulingana na mahali chuma kilipo kingi na kilipo kidogo. Ukiitazama tarakimu kwa karibu utaona ina unene usio wa kawaida sehemu fulani na wembamba sehemu nyingine. Umbo hilo si pambo, limechorwa hivyo ili kila tarakimu iwe na wimbi lisilofanana na la mwenzake. Pasipo na chuma, mashine haipati kitu cha kusoma hata kama wewe unaona wino mweusi kama masizi.

Kuhusu zile 29, zipo tona za kawaida ambazo nazo zina oksidi ya chuma, kwa sababu printa nyingi za rangi nyeusi hutumia sumaku kuibeba tona hadi kwenye dramu, yaani silinda inayoihamishia kwenye karatasi. Chuma hicho, hata hivyo, hakikuchaguliwa kwa uwezo wa kubaki na usumaku baada ya kuondolewa mbele ya sumaku, kwa hiyo wimbi lake huwa dhaifu na hubadilika kutoka hundi moja hadi nyingine. Zaidi ya hapo, mashine nyingi zikishindwa kusoma kwa sumaku hujaribu kusoma kwa picha. Hundi zako zilizopita huenda zilipita kwa njia hizo, na hakuna mhasibu anayepaswa kulipa watu kwa bahati.

Tafuta katriji ya tona ya sumaku iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli ya printa yako hasa. Usikubali kujaziwa katriji ya zamani, kwa sababu mabaki ya tona ya kawaida yatachanganyika na ile mpya. Ikiwa printa yako ina dramu iliyo mbali na katriji, muulize muuzaji kama nayo ibadilishwe. Kwenye mipangilio, zima hali ya kubana matumizi ya tona, kisha chagua aina ya karatasi nzito ili joto la kugandisha tona liongezeke, kwani tona ya leza haizami ndani ya karatasi kama wino wa kalamu, bali hulala juu yake na kushikwa na joto. Hundi ikitoka, pitisha ukucha juu ya mstari wa chini. Ukiona unga mweusi kwenye ukucha, hundi hiyo haitafika mwisho wa safari yake ikiwa nzima.

KaraniMstaafu ameandika:

Fundi ameeleza vema, nami naongeza upande wa benki, kwa kuwa nilikaa kwenye chumba cha mashine za kuchambua hundi kwa muda mrefu. Hundi zilizokataliwa zilikuwa zikiangukia kwenye mfuko wake wa pembeni, na sisi tulizichukua moja moja, tukazisoma kwa macho na kuingiza tarakimu kwa vidole. Kila hundi ya mfuko ule ilikuwa ni kazi ya ziada na nafasi ya mtu kukosea tarakimu, na ofisi iliyoleta nyingi ilijulikana kwa jina.

Tona sahihi peke yake haitoshi, binti yangu. Mtindo wa tarakimu unaoelekea kuutumia unaitwa E-13B, ambao benki za Marekani ziliukubali mwaka 1958 baada ya kazi ya watafiti wa Stanford na General Electric kwa ajili ya Bank of America. Una herufi 14 tu, yaani tarakimu 10 na alama 4 maalumu za kutenganisha sehemu. Nchi nyingine, kama Ufaransa na Brazil, hutumia mtindo tofauti uitwao CMC-7, wenye tarakimu zilizojengwa kwa vipande vya mistari ya wima. Kwa hiyo kabla ya yote iulize benki yako inataka mtindo upi na mpangilio upi wa namba ya hundi, msimbo wa benki na namba ya akaunti, kisha uiombe ikupe kwa maandishi.

Katika E-13B herufi hukaa 8 katika inchi moja, yaani hatua ya kutoka herufi moja hadi inayofuata ni milimita 3.175, wala haibadiliki hata kama tarakimu ni nyembamba kama 1. Sehemu ya chini ya hundi, yenye kimo cha takriban milimita 16, huachwa kwa ajili ya mstari huo pekee, na wino mwingine wowote wenye chuma usiingie humo. Upande wa kulia wa mstari una nafasi ya kiasi cha fedha, ambayo wewe huiachi kwa kusahau, bali unaiacha makusudi, kwa sababu huijaza benki inayopokea hundi. Fonti za bure nyingi zinafanana na E-13B kwa macho, lakini unene wa mistari yake umepotoka kidogo, na upotofu huo mdogo ndio unaoharibu wimbi. Nunua fonti iliyotengenezwa kwa kazi hii.

Nguvu ya wimbi nayo hupimwa. Kiwango cha Marekani hukubali kuanzia asilimia 50 hadi 200 ya nguvu ya kawaida. Huna haja ya kununua kipimo hicho. Chapa sampuli, ziandike BATILI kwa kalamu ya kawaida mahali pa jina la mlipwaji, uzipeleke benki zipimwe kabla hujachapa hundi nyingine hata moja ya malipo.

KijanaWaMfumo ameandika:

Kwa heshima zote, mzee wangu, siku hizi karatasi haisafiri tena kutoka benki hadi benki, bali inayosafiri ni picha yake. Je, wino wa sumaku bado una kazi, au ni desturi iliyobaki tu?

KaraniMstaafu ameandika:

Swali lako ni la haki, kijana wangu. Ni kweli kwamba picha ndiyo inayosafiri, lakini lazima kwanza hundi ipite kwenye skana, na skana nyingi za benki husoma sumaku kwanza kisha hulinganisha na picha. Hundi hufika pale ikiwa imepigwa muhuri, imesainiwa hadi mkia wa sahihi ukagusa tarakimu, au imemwagikiwa chai. Macho ya mashine huyumba penye alama hizo, ila sumaku huvuka, kwa sababu wino wa muhuri na wa kalamu za kawaida hauna chuma. Halafu hundi iliyonakiliwa kwa mashine ya fotokopi kwa kawaida haina usumaku unaostahili, na hiyo humpa karani sababu ya kuitazama mara mbili.

MkaguziWaNdani ameandika:

Ndugu zangu mmeshughulikia tarakimu, nami ninahofia zaidi kile kinachokaa kabatini. Bi Mizania, mlipokuwa na vitabu vya benki, aliyetaka kuiba alilazimika kuiba kitabu chenye namba zinazojulikana. Sasa ofisi yenu ina karatasi tupu, tona na programu yenye namba ya akaunti. Mkurugenzi akiongeza picha ya sahihi yake kwenye kompyuta hiyohiyo, mtu mmoja mwenye nenosiri moja ataweza kutengeneza hundi iliyo kamili katika kila kitu, na benki haitakuwa na namna ya kuitofautisha na halali, kwa sababu itakuwa imetoka kwenye mashine yenu wenyewe. Mpelekee hoja hiyo kama ilivyo.

Anayechapa asiwe mtia sahihi, na anayelinganisha taarifa ya benki na vitabu asiwe mmoja wa hao wawili. Karatasi ziwe na namba za mfululizo mgongoni, tofauti na namba ya hundi, zifungiwe, na ziandikwe kwenye daftari zinapotoka na zinaporudi. Katriji ya sumaku nayo itolewe kwenye printa na kufungiwa kazi ikiisha. Karatasi iliyokwama na kukunjamana ndani ya printa isitupwe kwenye pipa: igongwe muhuri wa BATILI, ikatwe sehemu ya sahihi, ihifadhiwe, kwa sababu mkaguzi atauliza iko wapi namba iliyoruka.

Kuhusu karatasi yenyewe, itazame dhidi ya mwanga. Alama ya maji ya kweli imo ndani ya karatasi na huonekana pande zote mbili. Iliyochapwa mgongoni kwa wino hafifu ni ya kuiga. Karatasi nzuri huwa na nyuzi zinazong'aa chini ya taa ya urujuanimno, hubadilika rangi au kuacha madoa mtu akijaribu kuosha wino kwa kemikali, na huwa na maandishi madogo mno yanayoonekana kama mstari wa kawaida mpaka uyatazame kwa lenzi. Ipo pia michoro iliyofichika inayotoa neno la kubatilisha hundi ikinakiliwa. Hiyo muulize mtu wa benki kwanza, kwa sababu michoro mizito huweza kuchafua picha ya skana.

Mwisho, ulizia kama benki yenu ina huduma ya kupokea orodha ya hundi mlizotoa. Mnatuma namba na kiasi cha kila hundi siku ileile, na hundi isiyolingana na orodha husimamishwa mpaka mthibitishe. Binafsi, kama hawana huduma hiyo, ningerudi kwenye karatasi zilizokwisha chapwa mstari wa chini na mchapaji anayetambuliwa na benki, nikabaki kuchapa jina na kiasi tu.

FundiTona ameandika:

Mkaguzi, hapo mwisho tunatofautiana kidogo. Karatasi yenye mstari uliokwisha chapwa, ikiibiwa, mwizi anayo namba ya akaunti tayari. Karatasi tupu peke yake haimpi kitu. Kwangu mimi kufuli ndilo linaloamua, iwe karatasi ya aina hii au ile.

BiMizania ameandika:

Shikamoo mzee wangu KaraniMstaafu, na ninyi nyote asanteni. Ninarudi na taarifa baada ya wiki tatu.

Tona ilikuwa ya kawaida, kama Fundi alivyokisia. Tulinunua katriji ya sumaku pamoja na fonti ya kulipia, lakini kabla ya kuchapa nilichukua moja ya hundi zilizorudishwa nikaipima kwa rula. Nilihesabu hatua 32 za herufi, ambazo zilipaswa kuchukua milimita 101.6, nami nikapata 98 na nusu. Nilirudia mara tatu nikidhani jicho langu limechoka. Kumbe draiva, yaani programu inayoiendesha printa, ilikuwa imewekwa kupunguza ukurasa ili utoshe ndani ya pambizo, kwa hiyo kila kitu kilitoka kwa asilimia 97. Kwenye barua hakuna ambaye angeligundua. Nimeiweka asilimia 100 na kumwomba mtu wa kompyuta aufunge mpangilio huo ili mtumiaji asiweze kuubadilisha.

Sampuli 20 zilipelekwa benki na zote zilisomwa kwa sumaku. Moja ilipata nguvu ndogo kuliko wenzake, na ilipotazamwa ilikutwa na kikwaruzo juu ya tarakimu ya 6, kwa hiyo nimehamia kwenye mpangilio wa karatasi nzito na ukucha sasa hautoki na unga. Mkurugenzi aliposoma maneno ya Mkaguzi alinyamaza kidogo, kisha akasema ataendelea kutia sahihi kwa kalamu. Orodha ya hundi tunaituma benki kila siku ya malipo kabla ya saa tisa alasiri.

Limebaki jambo moja. Muhuri wetu wa taasisi ni mkubwa, na mhudumu alizoea kuugonga chini kushoto, juu ya tarakimu zenyewe. Mzee amesema sumaku huvuka wino wa muhuri. Je, niuache hapo?

KaraniMstaafu ameandika:

Marahaba, binti yangu. Sumaku huvuka, lakini picha ndiyo inayobaki kama ushahidi siku mtu akija kubishana kuhusu hundi hiyo, na pale tarakimu zitaonekana zimefunikwa. Muhuri uhamie juu, karibu na sahihi, na zile milimita 16 za chini zibaki tupu.