Wateja wote wananiambia mbuzi ya nazi "haina shida". Nitajuaje kinachowakera?

Fundi_Chumbageni:
Wakuu, salaam. Mimi seremala hapa Tanga, mwaka wa 11 huu natengeneza mbuzi za kukunia nazi. Zamani nilizopanga kibarazani zilikuwa zinaisha ndani ya wiki. Siku hizi watu wanakunisha kwa mashine sokoni au wananunua tui la boksi. Nataka mbuzi yangu iwe na kitu cha tofauti. Nimeuliza wateja kama 20 hivi, "Kuna kinachokukera?" Jibu ni lile lile: "Haina shida, fundi." Kama haina shida, mbona hamnunui? Mnaobuni vitu, kero mnazipataje?

Mchora_Vitu:
Usiulize mkuu, nenda ukatazame. Mtu akishazoea kero haioni tena. Ameshaitafutia ujanja wake akaisahau. Wewe tafuta huo ujanja: tambara, kamba, kipande cha boksi kilichokunjwa mahali ambapo fundi hakukiweka. Kuna Mmarekani mmoja, Sam Farber, biashara ya vyombo vya jikoni aliijua siku nyingi, lakini alishtuka siku alipomwona mkewe Betsey, mwenye yabisi ya viungo, anavyohangaika kumenya matufaha kwa kile kimenyeo cha mpini mwembamba wa chuma. Mwaka 1990 wakatoa vyombo vya jikoni vya OXO Good Grips, vyenye mpini mnene wa mpira. Mkewe hakujaza fomu yoyote ya maoni.

Kiti_Moto_Baridi:
Nunua mashine tu fundi. Mbuzi basi tena.

BintiMvita:
Usimsikize huyo. Nazi ya mashine huchanganyika na ganda jeusi, tui halitoki jeupe. Ila fundi, hao 20 uliwauliza ni wanaokuna, ama ni waume zao waliokuja kununua? Kwetu Mombasa nazi ikishakunwa, mama huyavisha meno ya mbuzi kopo la maziwa, tangu mdogo wangu alipochanika muundi akipita gizani. Kopo hilo nimeliona miaka yote, wala sikuwahi kuliita kero hadi leo.

Fundi_Chumbageni:
Dada, umenishika pabaya. Wengi walikuwa wanaume.

Mrejesho: Jumamosi nimeshinda jikoni kwa shangazi, nikajifanya nasubiri wali. Mbuzi yenyewe ni yangu, nilimpa 2019. Kakuna nazi mbili tu, lakini mara nne kasimamisha mkono, kajiinua, kaivuta mbuzi nyuma. Inateleza! Kaweka vigae mwaka juzi, na mimi miguu ya mbuzi naipiga msasa mpaka inang'aa, kama nilivyofundishwa enzi za sakafu ya saruji. Chini ya mguu wa mbele kasokomeza kandambili kuukuu. "Shangazi, hii ya nini?" "Aa, hiyo ipo tu."

Jana nimepigilia mpira wa tairi chini ya miguu. Kuteleza kumekwisha, ila imeacha michirizi myeusi kwenye vigae vyeupe, na nimesemwa mpaka basi. Leo nakata soli ya kandambili nijaribu. BintiMvita, hilo kopo la mama ni la ukubwa gani?