Kuna unga wa "peptidi" unaoua bakteria na virusi, niache chanjo ya mdondo?

MamaVifaranga
Wadau habarini. Nafuga chotara nyuma ya nyumba, Morogoro. Juzi muuzaji kaniletea pakiti ya unga wa kuchanganya kwenye maji ya kuku. Kwa maneno yake, ndani mna peptidi, zinaua bakteria na virusi vyote, vijidudu haviwezi kuzizoea, kwa hiyo chanjo ya mdondo na ya Gumboro niachane nazo. Kanogesha na habari ya chura ambaye kidonda chake hakitungi usaha. Bei yenyewe imechangamka. Haya mambo yapo kweli au napigwa?

Mzee wa Hadubini
Dada, peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, zipo, na huyo chura yupo. Ni chura wa majini wa Afrika, Xenopus laevis. Michael Zasloff, Mmarekani, alikuwa anawapasua kuchukua mayai ya utafiti, anawashona na kuwarudisha kwenye maji yasiyo safi, na vidonda vinapona vizuri tu. Akaichunguza ngozi. Mwaka 1987 akatangaza magainini, vipande vya protini vyenye asidi amino 23 tu kila kimoja. Kabla yake Hans Boman kule Sweden alikuwa ameshapata vitu vya aina hiyo kwenye nondo.

Ila usinunue kwa mtu kitu ambacho kuku wako anacho bure. Kuku ana jeni 14 za defensini, jamii mojawapo ya peptidi hizi, achilia mbali za jamii nyingine. Ziko kwenye chembe nyeupe za damu, kwenye utumbo, hata ndani ya yai.

Namna zinavyoua ndiyo sehemu ninayoipenda, nimekaa maabara ya mifugo miaka mingi na bado haijanichosha. Peptidi nyingi za aina hii zina chaji chanya. Utando wa bakteria kwa nje una chaji hasi, kwa hiyo peptidi zinavutwa kama misumari kwenye sumaku. Zikishajipanga pale, upande wake unaopenda mafuta unazama ndani ya utando, utando unatoboka, chumvi na maji vinavuja, bakteria anakufa, mara nyingi ndani ya dakika chache. Nyingine hupenya zikashika DNA kule ndani. Seli za kuku, na zetu, kwa nje hazina chaji hasi kubwa hivyo, tena zina kolesteroli inayoukaza utando, ndiyo maana hazidhuriki sana. Nasema "sana" makusudi: ukizidisha dozi, baadhi yake hupasua hata chembe nyekundu za damu.

Kijana wa Mikese
Mzee shikamoo. Kama kuku anazo tayari, mbona mdondo ukiingia unafagia banda zima?

Mzee wa Hadubini
Marahaba kijana. Swali zuri, na hapo ndipo muuzaji anapoteleza.

Kirusi cha mdondo kina koti la mafuta, na koti hilo kimelichukua kwenye seli ya kuku mwenyewe kilipokuwa kinatoka. Peptidi inayomtambua adui kwa chaji haioni tofauti kubwa kama ile ya bakteria. Kwenye chupa za maabara zipo zinazopasua koti kama hilo, au zinazozuia kirusi kushikamana na seli. Lakini kirusi kikishaingia ndani ya seli, kinazaliana mahali ambapo nyingi ya hizo peptidi hazifiki. Anayeokoa jahazi ni kingamwili iliyoandaliwa mapema kwa chanjo, inayokinasa kirusi kabla hakijaingia kwenye seli.

Gumboro ndiyo kabisa. Kirusi chake hakina koti la mafuta, kina ganda gumu la protini. Ile kazi ya kutoboa utando itafanyika wapi?

Halafu kuna njia ya kuingilia. Peptidi ni protini. Ukimnywesha kuku, vimeng'enya vya tumboni vinazikatakata nyingi kama vinavyokatakata dagaa wa kwenye pumba. Hata yule chura hakufika mbali kibiashara: krimu iliyotokana na magainini, ya vidonda vya miguu vya wenye kisukari, ilikataliwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 1999, kwa kuwa haikuonekana kuzidi dawa zilizokuwepo.

DukaLaPembejeo
MamaVifaranga, geuza pakiti nyuma utusomee viambato. Mbele wanaandika chochote.

MamaVifaranga
Nimegeuza. Maandishi madogo mno, nimemwita mwanangu. Kasoma: kolistini salfeti, na glukosi. Hakuna kingine.

Mzee wa Hadubini
Basi hajadanganya kwamba ni peptidi! Kolistini ni peptidi kweli, hutengenezwa na bakteria. Lakini ni antibiotiki ya siku zote, ya bakteria kama E. koli na jamaa zake. Kirusi haikigusi.

Na hilo la "haviwezi kuzoea" ni uongo mtupu. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza jeni iitwayo mcr-1, waliyoikuta kwenye bakteria wa nguruwe, wa nyama na wa wagonjwa. Inachofanya ni kubandika kitu kidogo kwenye ngozi ya bakteria ili chaji hasi ipungue, kolistini ikose pa kushika. Bakteria mmoja humpa mwenzake jeni hiyo. Na hospitalini kolistini ni dawa ya mwisho kwa mgonjwa ambaye nyingine zote zimegoma. Ndiyo maana inaniuma kuiona ikikorogwa kwenye maji ya kuku wazima.

DukaLaPembejeo
Mdondo chukua chanjo ya I-2, tone moja la jicho, rudia kila miezi mitatu. Gumboro ni ya vifaranga, fuata ratiba ya daktari wako wa mifugo.

MamaVifaranga
Asanteni. Pakiti bado sijaifungua, kesho anairudia. Nina vifaranga wawili wamejikunyata tangu jana, nao niwachanje pamoja na wenzao?

Mzee wa Hadubini
Hapana. Watenge, mwite daktari awaone kwanza kabla hujachanja banda. Na chanjo ukiichukua iweke kwenye chupa ya chai yenye barafu, usiitembeze juani.