MJADALA: Vita vya Kagera viliua uchumi wetu, au vilikuta hazina imeshakauka?

Wakuu, kila tukigusa historia ya uchumi wa Tanzania hoja ni ileile: tulikuwa tunakwenda vizuri, Idi Amin wa Uganda akatuvamia Oktoba 1978, vita vikatufilisi. Mimi siikubali.

Gharama ilikuwa kubwa, hilo halina ubishi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni dola milioni 500, kwa nchi changa iliyotegemea kahawa, pamba na katani. Malori ya raia na ya mashirika ya umma yalichukuliwa kupeleka askari na mgambo mbele, na lori lililoko Kyaka halibebi pamba ya Shinyanga. Kampala ilianguka Aprili 1979, lakini askari wetu walibaki Uganda hadi 1981. Na kupigana ilibidi, ardhi yetu ilikuwa imetekwa.

Ila tazameni tuliingia vitani tukiwa na hali gani. Baridi iliyounguza mibuni ya Brazil 1975 ilipandisha bei ya kahawa, tukavuna fedha za kigeni 1976 na 1977. Bei ikashuka, uagizaji ukalegezwa, na kufikia mwisho wa 1978 akiba ile ilikuwa karibu imekwisha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishavunjika 1977, tukalazimika kuanzisha shirika letu la ndege na kubeba wenyewe reli na bandari. Vyama vikuu vya ushirika vilifutwa 1976, mkulima akaachiwa mamlaka za mazao zilizomlipa kidogo, tena kwa kuchelewa.

Baada ya vita, Waziri wa Fedha Edwin Mtei alitaka tukubaliane na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Mwalimu Nyerere alikataa masharti yao, Mtei akajiuzulu. Kukataa simlaumu. Ninacholaumu ni kukataa huku mashirika yanayopata hasara yakiendelea kubebwa na serikali ikiziba pengo kwa kukopa Benki Kuu. Mwaka 1980 mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 30. Wazee wetu waliweka mawe kwenye foleni za sukari kushikilia nafasi, na wengine walifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni.

Bidhaa zilianza kurudi madukani baada ya bajeti ya 1984 kuruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza. Wanaosema ni vita tu, nijibuni hili: kama Amin ndiye aliyemaliza sabuni, kwa nini ilirudi kwa kubadilisha sera, miaka mitano baada ya yeye kukimbia?