Ushauri: Navara D40 ya dizeli, injini "haijaguswa". Ninunue au niachane nayo?

Mchukuzi

Wakuu, heshima kwenu. Natafuta pikapu ya kazi, dabo kabini, na nimeonyeshwa Nissan Navara D40 (D40 ni jina la kizazi hicho cha Navara) ya mwaka 2008. Injini ni dizeli lita 2.5, gia 6 za mkono, inavuta mbele na nyuma. Dashibodi inasoma kilometa 190,000 na ushee. Rangi inang'aa, viti havijachanika, kiyoyozi kinapuliza baridi. Muuzaji kila akimeza mate ananikumbusha kwamba injini haijawahi kuguswa tangu itoke kiwandani.

Mizigo yangu ni mabomba, pampu za maji na saruji, njia nusu lami nusu vumbi. Siku za mapumziko nabeba familia. Nilianza na wazo la Hilux, ila kwa hela ya Hilux ya umri huo huo napata Navara na chenji inabaki ya kutosha sevisi kubwa.

Maneno niliyosikia hayapatani. Huyu anasema chesisi inakatika, yule anasema injini inazima njiani na ndiyo basi, mwingine anaapa kwamba ni chuma. Naomba wenye uzoefu, mashabiki wa timu mkae pembeni kidogo. Niangalie nini, na hata nikipata iliyo nzima, kero gani nitaishi nazo?

Kidole Kimoja

Achana nayo.

Mchukuzi

Mkuu, sababu?

Kidole Kimoja

Chesisi. Tafuta picha za Navara iliyokunjika katikati halafu urudi hapa.

FundiSpana

Chesisi tutaifikia. Mimi naanza na hilo neno "haijaguswa", maana wauzaji wanalitumia kama sifa, na kwa injini hii si sifa.

Injini ya D40 ya dizeli lita 2.5 ni YD25. Haina mkanda wa taimingi (unaopatanisha mwendo wa pistoni na valvu), kazi hiyo inafanywa na cheni, na cheni zenyewe ni mbili: inayotoka kwenye krenki kwenda pampu ya dizeli, na inayotoka kwenye pampu kwenda juu kwenye kemushafti. Kwenye matoleo ya mwanzo mojawapo ilikuwa ya safu moja, nyembamba kama mnyororo wa baiskeli, na inarefuka. Baadaye ikaja ya safu mbili, ndiyo maana siku hizi fundi anayejijua akifungua injini hii anaweka seti mpya yenye safu mbili. Cheni ikiruka meno au ikikatika, pistoni zinakutana na valvu. Hapo unazungumzia silinda hedi, na mara nyingine injini nzima.

Kwa hiyo injini ya kilometa 190,000 ambayo kweli haijaguswa ina cheni ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Ningefurahi zaidi kusikia muuzaji anasema "iliguswa, cheni ilibadilishwa, hii hapa risiti".

Namna ya kuisikiliza: nenda asubuhi, na umwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika. Weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, ahirisha, rudi siku nyingine. Ikiwa ya baridi, mwambie awashe wewe ukiwa umesimama mbele upande wa feni, si ndani ya gari. Dizeli ina makelele yake, hayo yasikutishe. Unachotafuta ni mkwaruzo mkavu unaochelewa kuisha baada ya kuwaka. Halafu injini ikipata moto, mwambie akanyage taratibu mpaka kati ya mizunguko 1,500 na 2,000 kwa dakika na usikilize mluzi mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na mguu wake. Ukiusikia, hesabu cheni kama gharama ya siku ya kwanza na uishushe bei kwa kiasi hicho.

Halafu kuna oili. Kikaza cheni kinasukumwa na presha ya oili, kwa hiyo gari iliyocheleweshewa kumwaga oili inakula cheni mapema. Fungua kifuniko cha oili uangalie chini yake. Ukikuta tope jeusi zito, hiyo ndiyo historia ya sevisi, hata kama kitabu kimepigwa mihuri kila ukurasa.

Dereva Mstaafu

Fundi kamaliza kwenye injini. Suala la chesisi watu wanalitaja bila kulieleza, ndiyo maana linageuka hadithi ya kutishana.

Chesisi ya D40 ni ya boksi, yaani chuma kilichofungwa pande zote. Tope na maji yakiingia ndani hayatoki kirahisi, na kutu inaanzia ndani kwenda nje. Unapoiona kwa nje, kwa ndani imeshafanya kazi kubwa. Inapokatikia ni karibu na pale kabini inapokutana na bodi la mizigo. Uingereza ndiko kelele zilikuwa kubwa zaidi, na mwaka 2016 habari zikafika hadi televisheni, wenye magari wakionyesha pikapu zilizokunjika zikiwa barabarani. Kule barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi ni adui wa kwanza wa chuma. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni hili: kabla ya kuwa yako, gari hii iliishi wapi? Pwani, au nchi ya barafu na chumvi? Au ilikaa bara pakavu maisha yake yote?

Sasa cha kufanya. Simama ubavuni kwa gari, mbali kidogo, uangalie ule mwanya kati ya kabini na bodi. Unatakiwa uwe sawa juu na chini, kulia na kushoto. Ukiona juu umepanuka na chini umebana, au kinyume chake, chesisi imeshapinda na hakuna haja ya kuendelea na mengine. Ukiwa sawa, ingia chini na tochi na nyundo ndogo. Gonga chesisi kuanzia usawa wa mlango wa nyuma kwenda kwenye springi. Chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa sauti iliyokufa. Chungulia pia kwenye matundu yake, sehemu ya juu hasa, ambako jicho haliendi.

Na ukikuta chini kumepakwa rangi nyeusi mpya kabisa ilhali sehemu nyingine zina vumbi la miaka, jiulize kilichopakwa ni nini. Niliwahi kuitwa kukagua gari ya rafiki kabla hajalipa. Bisibisi ilizama kwenye rangi, chini yake kulikuwa na bati limechomelewa juu ya tundu. Muuzaji akasema hajui, huenda kweli hakujua. Hatukununua.

Kidole Kimoja

Ndiyo nilichosema kwa neno moja.

Dereva Mstaafu

Ulisema aachane nayo bila kuiona. Zipo D40 nyingi zenye chesisi kavu kabisa. Akikuta kavu, ana gari.

Shangazi wa Dizeli

Mimi naendesha D40 kila siku, kwa hiyo nijibu lile swali la kero.

Kwanza sifa yake, tusije tukaonekana tunaizika. Ile ya farasi 174 inavuta. Msokoto ni nyutonimita 403, Hilux za 2.5 za wakati ule hazikufika hata farasi 150. Mlima ukiwa na saruji nyuma huoni aibu. Ndani kuna nafasi, viti vya mbele vinapumzisha mgongo. Angalia lakini kadi ya gari, kuna matoleo ya D40 yenye injini hiyo hiyo iliyopunguzwa hadi farasi 144. Si mbaya, ila usilipie 174 ukapewa 144.

Kero sasa. Ikiwa tupu, nyuma inaruka. Springi ni za mabapa, zimetengenezwa kwa karibu tani moja, kwa hiyo wewe na mkeo na mkoba hamzisumbui. Mvua ikinyesha na bodi liko tupu, kwenye kona uwe na adabu, maana mvuto wa kawaida uko nyuma tu. Usidanganyike kuweka magurudumu manne kwenye lami kavu, mfumo huu hauna difu ya katikati, utaumiza giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma. Kugeuza kunataka uwanja, gari ina urefu wa zaidi ya meta 5. Mafuta hesabu lita 9 hadi 11 kwa kilometa 100, ukiwa na mzigo na haraka inazidi hapo.

Kubwa kwangu ni klachi. Flaiwili yake, lile gurudumu zito linaloshikana na klachi, ni ya vipande viwili vyenye springi katikati, na ikichoka inagonga unapozima injini na gari inatetemeka unapoondoka. Klachi ikiisha, flaiwili nayo mara nyingi iko ukingoni, na bei yake itakufanya ukae chini. Wapo wanaobadilisha na kuweka flaiwili nzima ya kipande kimoja.

Na kwa kuwa utabeba familia: mwaka huo huo wa 2008 Euro NCAP, wapimaji wa usalama wa magari wa Ulaya, waliigongesha Navara ikapata nyota 1, kwa sababu mifuko ya hewa na mikanda vilichelewa kufanya kazi. Nissan wakarekebisha programu, ikajaribiwa tena ikapata 3. Peleka namba ya chesisi kwa wakala uulize kama gari hiyo ilifanyiwa marekebisho.

FundiSpana

Shangazi, hiyo flaiwili ya kipande kimoja mimi siipendi. Mtetemo uliokuwa unamezwa na zile springi unahamia kwenye giaboksi.

Shangazi wa Dizeli

Yangu ninayo na giaboksi haina shida. Kwa mtu wa mizigo naona ni sawa. Tumeshabishana hili, tusimharibie mwenye uzi.

FundiSpana

Haya, tumeafikiana kutoafikiana.

Bwana Rejeta

Mkuu umesema yako ni ya gia za mkono, umeponea hapo. Naandika kwa ajili ya watakaosoma baadaye. Ndugu zake wa Marekani wanaoitwa Frontier, wa 2005 hadi 2010, wenye gia za otomatiki, wana ugonjwa wa rejeta. Kipozeo cha oili ya gia kimo ndani ya rejeta, kikipasuka maji na oili vinachanganyika na giaboksi inakufa. Anayenunua hiyo abadilishe rejeta au afunge kipozeo cha nje kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa yako, angalia mabomba ya hewa kati ya turbo na intakula (kipozeo cha hewa ya turbo). Yakipasuka gari inakosa nguvu na kutoa moshi mweusi, na fundi mvivu atakuambia turbo imekufa. Sensa ya hewa nayo ikichoka inaleta uzito huo huo. Pima na mashine kabla ya kununua chochote.

Mpenda Hilux

Hilux tu. Mengine ni kujitafutia maneno.

FundiSpana

Hilux ya dizeli ya miaka hiyo, yenye injini ya 2KD au 1KD, ni nzuri, lakini nayo usinunue ukiwa umefumba macho. Ina mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila kilometa 150,000, na nozeli zake zikichoka zinachosha mfuko. Tofauti yake ni kwamba mkanda una ratiba inayojulikana na taa ya kukumbusha. Cheni ya Navara haina ratiba, unaitegea sikio.

Mchukuzi

Wakuu mmenisaidia sana. Nimempigia muuzaji. Nimemwuliza gari iliishi wapi, akasema mmiliki wa kwanza alikuwa mtu wa pwani. Nikamwomba tukutane asubuhi injini ikiwa baridi, akajibu kwamba "gari ya dizeli haipendi kuwashwa baridi", atakuwa ameshaipasha nikifika.

Dereva Mstaafu

Hahaha. Pwani halafu hataki iwashwe baridi.

Shangazi wa Dizeli

Dizeli zote duniani zinawashwa baridi kila asubuhi. Mwambie ailaze nje ya nyumba yako usiku mmoja, au akuache ulale nje ya nyumba yake.

Mchukuzi

Nimemwambia. Akasema ana wateja wengine, atanipigia. Ipo nyingine, D40 ya 2011, mmiliki anasema cheni ilibadilishwa ikawekwa ya safu mbili na risiti anayo, ila kilometa ni 240,000. Naona kilometa nyingi.

FundiSpana

240,000 yenye cheni mpya na risiti naichukua mbele ya 190,000 yenye hadithi. Ya 2011 ni baada ya maboresho ya 2010, kwa hiyo huenda ni ya farasi 190. Uliza kama ina kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Kama inayo na gari ilikuwa ya safari fupi fupi, kinaziba. Risiti isome vizuri, iwe imeandika vipuri kwa majina, siyo "matengenezo ya injini" peke yake. Kisha mlio usikilize vile vile, risiti haizuii fundi kuwa alifunga vibaya.

Dereva Mstaafu

Na nyundo uibebe. Cheni mpya haizuii kutu.

Mchukuzi

Naenda na fundi wangu Jumamosi asubuhi. Huyu mmiliki nimemwambia asiiwashe, akajibu "sawa, funguo utaikuta mezani".