Msafara wa boti wa kidini, huku kusini tunao?

Mwana Shangani:
Wadau, jana nimeona video ya Hispania, tarehe 16 Julai kila mwaka wavuvi wanampandisha sanamu ya Bikira Maria wa Karmeli kwenye boti, boti nyingine zinafuata nyuma na maua na honi, wanaomba baharini kwa ajili ya waliozama. Nimeipenda kinoma. Hapa Mtwara na Lindi kuna kitu kama hicho?

Fundi Tanga:
Cha sanamu hakuna kaka, huku wavuvi wengi ni waislamu. Sisi chombo kipya kikishushwa kinasomewa dua kwanza, ubani unafukizwa, watoto wanagawiwa halua, ndo kinasukumwa majini. Na maulidi ya Mfunguo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, watu wanavuka kwenda kwa wenzao, kanzu zimekunjwa mpaka magotini maana kushuka ni kwenye maji.

Bi Msangamkuu:
Halafu wanangu Julai huku ni kusi, ule upepo mkali wa kutoka kusini! Hao wa Hispania kwao kiangazi, hapa ukiniambia nipande mashua na sufuria la pilau mwezi huo sipandi ng'o 😂

Mwana Shangani:
Haha shikamoo bibi. Ila maulidi si yanahama, kila mwaka yanarudi nyuma siku kama 11, yakiangukia kusi mnafanyaje?

Bi Msangamkuu:
Marahaba. Tunavuka alfajiri upepo haujaamka, nahodha akisema bado tunakaa mchangani tunasubiri, hamna ubishi.