Ushauri: mpira wa kutolea majitaka ya karavani, nipo Mikindani

Mtunza Kiwanja
Wakuu, habari za jioni. Bosi wangu kaleta karavani ya Kimarekani, ile nyumba ya magurudumu ya kuvutwa na gari, anataka ikae moja kwa moja kwenye kiwanja chake huku Mikindani, wageni wawe wanapanga. Umeme na maji safi tumemaliza, bado choo. Chini kuna bomba moja la kutokea la inchi 3, na koki mbili za kuvuta, moja mpini mweusi, nyingine wa kijivu. Mpira uliokuja nayo umekauka, ukiukunja unapasuka. Kutoka hapo mpaka chemba ya septiki ni kama mita 7.

Nimezunguka maduka ya vifaa vya ujenzi Mtwara mjini. Wanao ule mpira bapa wa bluu wa kumwagilia, na mpira mgumu wa pampu. Muuzaji mmoja ananiambia nichukue wowote, eti maji ni maji. Nichukue upi? Na nikishaunga, koki ziachwe wazi muda wote kama choo cha nyumbani? Bosi anataka hivyo ili tusihangaike.

Korosho Mbichi
Maji ni maji? Mlete huyo muuzaji akae upande wa chemba siku mnafungua koki 😂

Dereva wa Kusini
Una uhakika ni ya Kimarekani? Nauliza kwa sababu karavani nyingi za Ulaya choo chake kina kidebe cha kuchomoa ubavuni, unakibeba kwa mkono unaenda kumwaga. Hizo mpira wa inchi 3 hazihitaji kabisa.

Mtunza Kiwanja
Ya Kimarekani mkuu, matenki yako chini ya sakafu. Kidebe hakuna.

Fundi Shangani
Huo wa bluu usiuguse. Ule unatanuka kwa sababu pampu inasukuma maji ndani yake. Hapo kwenu hakuna pampu, mzigo unashuka kwa uzito wake wenyewe. Mpira bapa utalala, utajikunja kwenye kona, na kila kitu kitaganda hapohapo.

Chukua wa pampu wa inchi 3, ule wenye uti wa plastiki ngumu unaozunguka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ndani ni laini na haubonyei. Ile mipira maalumu ya karavani inayotanuka na kusinyaa imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaohamahama, inakunjwa inaingia kwenye buti. Makunyanzi yake yanashika uchafu, na ile ya bei rahisi ni myembamba, jiwe tu linaitoboa. Nyinyi hamhami, kwa hiyo ugumu wa mpira wa pampu hauwasumbui.

Ila USITUPE kichwa cha mpira wa zamani. Kile chenye kucha pembeni, unakibandika kwenye bomba la karavani, unazungusha kidogo kinashika. Kwenye maduka yetu hicho usitegemee kukipata. Kifungue, kioshe vizuri, nenda nacho dukani ukijaribishe kabla mpira haujakatwa, maana inchi 3 ya duka hili na ya duka lile zinapishana kidogo. Kaza kwa klipu mbili za chuma kisichoshika kutu, chumvi ya huko unaijua mwenyewe. Ile raba ya duara ndani ya kichwa ikiwa imekakamaa, badilisha, ndiyo inayozuia matone.

Mteremko: shusha sentimita 2 kila mita. Kwa mita 7, mwisho uwe chini ya mwanzo kwa kama sentimita 14. Pasua bomba la PVC la inchi 4 kwa urefu, lilaze juu ya matofali yanayopungua kimo, mpira ulale humo ndani. Nusu nyingine ya bomba ufunikie juu, jua la pwani linaua plastiki. Mpira ukining'inia katikati, hapo ndipo pa kuziba.

Upande wa chemba, simamisha PVC ya inchi 4 ipande juu ya ardhi, uweke ridyusa ya inchi 4 kwa 3 na uunge kwa kukaza. Kuuchomeka tu mpira kwenye tundu hapana. Koki ikifunguliwa kwa nguvu unaruka, na kabla haujaruka utakuwa umeshakaribisha mende na harufu. Mdomo ukiwa juu, mvua za Desemba nazo haziingii kwenye septiki.

Mama Likonde
Mwanangu, koki ya choo usiache wazi, mwambie bosi. Maji yatatangulia kuondoka na vile vigumu vitabaki ndani vikirundikana chini ya tundu la choo, mwisho vinakuwa jiwe. Kuja kuchokonoa hilo rundo hakuna fundi atakayekubali kwa bei ya kawaida.

Ifunge. Tenki likifika theluthi mbili vuta ya choo, mpini mweusi, acha mpaka iishe kabisa, ifunge. Ndipo uvute ya kijivu, yale maji ya kuogea na vyombo yasuuze mpira. Kisha mimina ndoo ya maji kwenye tenki la choo ili lisikae kavu. Vaa glovu, na mpira wa maji ya kunywa usiusogeze upande huo hata kwa kusuuza tu. Tafuta mwingine wa rangi tofauti.

Korosho Mbichi
Sasa hayo ya kuogea si ayapeleke kwenye migomba tu? Septiki itajaa bure.

Mama Likonde
Yana mafuta ya samaki na makombo. Mchanga wa pwani unapitisha upesi na majirani wana visima. Apeleke septiki, na ikijaa aite gari la kunyonya.

Dereva wa Kusini
Niongeze la dawa. Wageni wengine huja na dawa za kuua harufu za tenki. Zenye fomalini zikatae, zinaua bakteria wanaofanya kazi kwenye septiki. Jiki ya kopo zima nayo vilevile. Na bandika karatasi chooni: pedi na zile tishu zenye unyevu hazitupwi humo.

Mtunza Kiwanja
Nashukuru sana wote, mama shikamoo. Bosi kaelewa la koki. Swali moja: mgeni akikaa siku mbili akaondoka, tenki halijafika hata robo. Nilisubirie mgeni mwingine?

Fundi Shangani
Usilaze huo mzigo kwenye joto hili. Ongeza maji safi kupitia chooni mpaka theluthi mbili, ndipo uvute koki. Kinachosukuma uchafu ni wingi wa maji.