Kokteli ya kichawi kwa Halloween: absinthe, Chartreuse au maua ya bluu?

DadaLowell
Wakuu, salaam. Nipo Massachusetts, na huku Oktoba nzima ni Salem, ule mji wa kesi za wachawi za zamani, na wachawi wake, mpaka kwenye foleni ya benki. Jirani yangu kaandaa sherehe ya Halloween, kila mgeni kapangiwa cha kuleta, mimi nimeangukiwa na kokteli. Sharti lake: iwe ya kichawi na iwe na mitishamba iliyokuwa dawa zamani. Jumamosi naenda dukani. Nimebakiwa na hizi:

1. Absinthe, ile ya kijani ya pakanga, kwa sukari na maji ya baridi.
2. Chartreuse ya kijani, ile pombe ya mitishamba ya Ufaransa, na ndimu.
3. Vodka na maua ya anchan, yale ya bluu ya Wathai. Ukikamulia ndimu rangi inageuka zambarau mbele ya macho ya watu.

Nataka maoni ya aliyeonja, si aliyetazama video.

Fundi_wa_Kaunta
Dada, umeuliza nusu swali. Wageni wangapi? Bajeti? Wote wanakunywa pombe? Kila glasi utaikoroga peke yake au unajaza beseni watu wajichotee? Bila hayo tutabishana bure.

La haraka ni hili: Chartreuse iache. Wanaoitengeneza ni watawa wa Kikarthusi kule Ufaransa, na miaka michache iliyopita waliamua kutoongeza uzalishaji ili wabaki na sala zao. Chupa zimekuwa adimu na bei imepaa. Kwa dawa za zamani haina mpinzani, maana ina mitishamba 130 na mzizi wake ni dawa ya kurefusha maisha waliyoikamilisha karne ya 18. Ila ina kilevi asilimia 55. Ukiikuta dukani inunue, uifiche, majirani wasijue.

Mzee_wa_Pangani
Mnahangaika na watawa wa nini? Konyagi, tangawizi iliyotwangwa, mdalasini, ndimu. Hiyo ni dawa tangu enzi za mababu na inapandisha jasho. Weka jina la Kizungu la kutisha, wataimaliza.

DadaLowell
Mzee wangu, Konyagi nitaitoa wapi huku?

Mzee_wa_Pangani
Anayetoka Dar hakosi.

Nesi_Tabu
Kabla hamjaendelea. Msomaji yeyote asije akamshauri dada aweke unga wa mkaa ule wa kutibu sumu ili kinywaji kiwe cheusi. Kila Halloween naukuta. Mkaa huo unanasa dawa tumboni, ukiwemo uzazi wa mpango, dawa za presha na za kifafa. New York waliupiga marufuku kwenye vyakula na vinywaji vya mahotelini, na mwaka 2018 wakaanza kukaza kweli.

Na barafu kavu ile ya kutoa moshi isiwekwe ndani ya glasi ya mtu. Ina nyuzi 78 chini ya sifuri, kipande kikimezwa kinaunguza koo na tumbo. Ukiutaka moshi, weka bakuli kubwa la nje, la vinywaji likae ndani yake, visigusane.

Pia dada hujasema kama kuna mjamzito.

Kinoo99
Mimi nina kisa cha pakanga, kaeni vizuri.

Nilikuwa nakaa Minneapolis na jamaa mmoja fundi wa kila kitu. Kasoma mahali kwamba absinthe ni pakanga ndani ya pombe kali, basi. Akaagiza mfuko wa pakanga kavu mtandaoni, akashindilia kwenye mtungi wa vodka, akaufungia kabati la chini ya sinki. Kila akipita anautoa, anautikisa, anaunusa, anarudisha. Ukimuuliza anakwambia usiwe na haraka, dawa inaiva.

Siku ya sherehe akachuja kwa soksi mpya (aliapa ni mpya). Rangi ilikuwa ya maji ya bwawa. Akaonja, akanyamaza, akamimina asali chupa nzima. Haikusaidia kitu. Mgeni wa kwanza alikuwa mama mmoja mstaarabu wa mtaani pale. Alionja, akatabasamu, akasogea polepole hadi kwenye chungu cha maua dirishani, akajifanya anatazama nje. Wa pili hakuwa na adabu hiyo, zulia ndilo lililopokea. Mimi niligusisha ncha ya ulimi tu, na kesho yake chai ilikuwa chungu, mkate mchungu, hata dawa ya meno chungu. Jamaa mpaka leo anadai Wamarekani hawajui dawa.

Kwa hiyo namba moja mimi hapana.

Fundi_wa_Kaunta
Kinoo, hiyo haikuwa absinthe. Absinthe inakenekwa kama gongo. Uchungu wa pakanga unabaki kwenye mtambo, kinachopanda na mvuke ni harufu. Jamaa yako alitengeneza dawa ya minyoo. Ya dukani ni salama, Marekani waliifungulia mlango tena mwaka 2007 baada ya kuizuia tangu 1912. Na hayo mambo ya kuona majini ukiinywa ni hadithi. Chupa nyingine inafika asilimia 70, kwa kiwango hicho utaona chochote.

Mimi ningekwenda na Strega. Ni ya njano, inapata rangi kwa zafarani, inatoka Benevento, Italia, tangu 1860. Mji wenyewe una hadithi ya wachawi waliokuwa wakikutana usiku chini ya mti wa jozi. Uchawi upo, mitishamba ipo, na bei ni ya binadamu.

DadaLowell
Wageni kama thelathini. Wachache hawanywi kabisa, na kuna mjamzito mmoja. Bajeti dola 70. Beseni, siwezi kusimama usiku kucha nakoroga glasi moja moja.

Fundi_wa_Kaunta
Dola 70 kwa watu thelathini! Ungeanza na hilo. Basi hata Strega haitoshi.

Msoma_Kale
Jirani anataka uchawi wa Massachusetts, kwa nini twende Ufaransa na Italia? Kuna mkunga na mganga wa Charlestown, ng'ambo ya mto kutoka Boston, akiitwa Margaret Jones. Alinyongwa Juni 1648, miaka 44 kabla ya Salem, na ndiye wa kwanza kuuawa kwa kosa la uchawi katika koloni lile. Gavana John Winthrop aliyaandika mashtaka kwenye shajara yake. Mojawapo ni kwamba dawa zake, kwa maelezo ya mama mwenyewe, hazikuwa na madhara, ni anisi na pombe na mengineyo, lakini eti zilifanya kazi kwa nguvu isiyo ya kawaida. Jingine ni kwamba waliozikataa aliwaambia hawatapona, na kweli hawakupona.

Anisi na pombe. Kokteli hiyo hapo, imeandikwa na gavana.

Shira: maji kikombe kimoja, sukari kikombe kimoja, mbegu za anisi zilizopondwa vijiko viwili vya chakula. Chemsha moto mdogo dakika kumi, acha ipoe, chuja. Kila mtu vodka mililita 40, shira 20, ndimu 20, maji baridi na barafu. Shira hiyo hiyo kwa maji ya soda ndiyo ya wasiokunywa. Dola 70 inatosha na chenji inabaki.

Kinoo99
Hii nzuri. Lakini Salem si waliwachoma moto? Ungeweka na pilipili.

Msoma_Kale
Hakuna aliyechomwa Salem, mkuu. Mwaka 1692 walinyongwa 19, na mzee Giles Corey akakandamizwa kwa mawe mpaka akafa kwa sababu alikataa kujibu mashtaka. Kuchoma kulikuwa Ulaya. Mmojawapo wa walionyongwa, Ann Pudeator, alikutwa nyumbani na vyombo vya mafuta, wakasema ni marhamu ya kichawi. Mwenyewe alisema ni mafuta ya kutengenezea sabuni.

BiZuhura_Mombasa
Wanangu, mwenzenu kanyongwa kwa kutibu watu, leo mwamkoroga kwenye beseni mkacheke? Mimi sioni raha yake. Dada, chemsha rosela na iliki na karafuu, rangi nyekundu ya damu, hata huyo mja mzito ataona cha kunywa. Pombe mtajijua.

Nesi_Tabu
Bi mkubwa, shikamoo. Kwa mjamzito naona ukwaju ni bora, rosela wengi wanashauriwa waiepuke wakiwa na mimba.

BiZuhura_Mombasa
Marahaba. Ukwaju pia sawa, lakini hauna rangi.

Ngosha_wa_Maswa
Namuunga mkono Bi Zuhura. Kwetu Usukumani vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na macho yenyewe yamekuwa mekundu kwa moshi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe. Nikiona kofia ile ndefu nyeusi ya mchawi wa Halloween sicheki sana.

Mkilifi_Halisi
Na kwetu ni wazee wa kiume. Mvi zikitokeza tu kijana anaanza kulipigia hesabu shamba. Uchawi ni kisingizio, hati ya shamba ndiyo habari.

Kinoo99
Jamani dada kauliza kinywaji.

Ngosha_wa_Maswa
Na sisi tumejibu. Akitaka kumweka huyo mama Jones kwenye beseni, aandike pembeni kadi yenye jina lake na alichofanyiwa. Watu wasome ndipo wachote.

DadaLowell
Kadi nimeipenda. Ila jirani anataka watu washangae, na lile ua la bluu linashangaza. Je, nikichanganya shira ya anisi na maua ya anchan? Na vile vinyota vya anisi vya duka la Wachina si ndiyo hiyo hiyo anisi? Niliona na ua moja refu la zambarau bustanini kwake, lenye vikombe vikombe, nilitaka kupambia glasi.

Nesi_Tabu
Ngoja kwanza! Ua refu la vikombe vya zambarau laweza kuwa digitalisi. Mwaka 1785 daktari William Withering aliandika kitabu kizima juu yake, na akasema dawa ilitoka kwa bibi mmoja wa Shropshire aliyeificha kama siri. Ni dawa ya moyo na ni sumu ya moyo, na kipimo cha hizo mbili kinakaribiana sana. Usiweke kwenye glasi ua lolote usilolijua.

Vinyota ni mmea mwingine kabisa, na vina ndugu yake wa Japani mwenye sumu anayefanana naye. Nunua mbegu ndogo, zile zinazofanana na za uzile, zenye lebo.

Fundi_wa_Kaunta
Kuchanganya inawezekana. Chai ya anchan iloweke mbali, ndimu isiingie kwenye beseni. Kila mtu akamulie yake, hapo ndipo rangi inageuka. Ukitia ndimu mapema umemaliza mchezo kabla wageni hawajafika.

Mzee_wa_Pangani
Yote hayo na tangawizi hakuna.

Kinoo99
Fundi, hiyo Chartreuse kama nikiikuta Minnesota, dola ngapi si wizi?